Nyuso Ndani ya Makopo

Fundi Picha hakuwa mtu wa kuchekacheka na wateja. Ukiingia studio kwake umekenua, alikuambia kwanza ukae, unyamaze, uache uso wako urudi mahali pake. Nilikuwa jirani yake kwa miaka mingi hapa Bariadi, barabara ya kwenda sokoni, mimi na cherehani yangu upande huu wa ukuta, yeye na kamera zake upande ule. Aliniita Jirani, na sina hakika kama aliwahi kulijua jina langu. Mimi nami nitamwita kwa kazi yake, kama mji mzima ulivyomwita.

Niseme mapema, nisije nikaonekana nampamba mtu ili nijisafishe. Nilimponza kwa mdomo wangu. Lawama aliibeba mke wake, na mimi nikanyamaza. Mazuri yote nitakayoyasema juu yake yasomwe hilo likijulikana.

Kilichomkera kuliko vyote ni watu kudhani kamera inaona. "Kamera haioni," alikuwa akisema. "Ni chumba cha giza chenye tundu. Anayeona ni wewe." Alinifundisha kazi hiyo katika miezi ambayo pamba iko shambani, watu hawana kitu na hakuna anayeshona. Siku moja aliiweka kamera juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, akaufungua mgongo wake bila filamu ndani, akaniambia niichungulie kwa nyuma huku yeye akizungusha pete ya lenzi. Nikaona vipande vyembamba vya chuma vinasogeleana, tundu linakuwa dogo, dogo, mpaka likabaki kama la sindano. Kisha akanionyesha namba zake. Namba ndogo ni tundu kubwa, na namba kubwa ni tundu dogo.

"Huo ukinyumenyume umeutunga wewe," nikamwambia.

"Waliotunga wako Ulaya. Kagombane nao."

Aliniuliza nimekulia wapi, nikamwambia Kasoli, kwenye ng'ombe. Akasema basi kazi imekwisha. Mwanga ni ng'ombe wanaorudi zizini. Ukifungua lango lote, wanaingia wote kwa mara moja na unafunga. Ukiacha upenyo wa kupita ndama, itabidi usimame hapo muda mrefu, waingie mmoja mmoja. Idadi ni ileile. Kazi ya mpiga picha ni kuchagua lango na muda, ili zizi lijae bila kufurika. Likifurika, picha inakuwa nyeupe kama shuka. Lisipojaa, inatoka nyeusi.

"Sasa kama idadi ni ileile, kuchagua kwa nini?"

"Kwa sababu mtoto hatulii," akasema. "Mtoto mpe muda mfupi, la sivyo utapata ukungu wenye masikio. Mzee anatulia, lakini unataka uso wake tu, nyuma yake kuyeyuke, basi mpe tundu kubwa. Familia nzima imejipanga mistari mitatu, tundu dogo, wa mbele na wa nyuma wote waonekane." Filamu nayo alisema ina tabia zake. Ile iliyoandikwa mia moja inakula mwanga taratibu, na picha yake ni laini. Ya mia nne ina njaa, inafaa mawingu yakitanda, ila picha inatoka na chengachenga kama uji uliokorogwa vibaya.

Mimi nilikariri. Yeye hayo yote alikuwa nayo kwenye ngozi. Kipimo cha mwanga kwenye kamera yake kubwa kilikufa zamani, na hata kilipokuwa hai hakukiamini. Alisema kamera imefundishwa kuwa dunia nzima ina rangi ya majivu. Ikiona ukuta mweupe inashtuka, inadhani mwanga umezidi, inabana. Ukuta unatoka wa majivu, na mtu aliyesimama mbele yake anatoka mweusi kama mkaa, hana macho wala pua. Ndiyo maana vitambulisho vyetu, alisema, vimejaa watu wasiojulikana hata na mama zao. Yeye alinyoosha kiganja chake mahali ulipo uso wa mteja, akakigeuzageuza, akakitazama, kisha akaweka namba. "Pima uso," alikuwa akirudia, "ukuta hautakuja kudai."

Msimu wa kuuza pamba alikuwa akienda kupiga picha huko vijijini. Mkulima mmoja wa Kasoli, mzee mwenye sauti ya kukwaruza, alitaka kupigwa amesimama juu ya lundo lake la pamba. Jua la saa sita. Pamba ile inameremeta mpaka unafinya macho. Fundi Picha akapima uso, akafungua tundu, akaiacha pamba iungue. Picha zilipotoka, mzee alikuja na hasira zilizosikika mpaka kwangu.

"Pamba yangu iko wapi? Mbona nimesimama kwenye shuka?"

"Uso wako si huo hapo, guku?" Fundi Picha akamuuliza, akimwita babu kwa Kisukuma.

"Uso ninao nyumbani! Nilikulipa unipigie pamba!"

Fundi Picha akarudi Kasoli, akampiga tena, safari hii kwa kipimo cha pamba. Kila kitumba kikaonekana, na juu yake kivuli kilichovaa kofia. Mzee akafurahi, akaitundika sebuleni. Alipofariki, wanawe walikuja kutafuta picha ya kuweka juu ya jeneza, na hawakuwa na kitu kingine ila kile kivuli. Fundi Picha akaingia ndani, akatoka na negativu, filamu ya ile picha ya kwanza iliyokataliwa. Nadhani tabia yake yote ilianzia hapo, ingawa mwenyewe hakuwahi kuniambia.

Watu wa miji mikubwa hawatajua jambo hili linavyouma. Msiba ukitokea, kila kitu kinapatikana. Turubai litapatikana, ng'ombe atapatikana, sare za kitenge nitazishona mimi usiku na mchana. Kisha mtu anaulizwa, picha ya marehemu iko wapi? Inaletwa kadi ya mpiga kura. Inakuzwa, na kadiri inavyokuzwa ndivyo mtu anavyopotea. Nimeona mjukuu akiibusu picha ambayo ingeweza kuwa ya mtu yeyote.

Basi kila mzee aliyeingia studio kwa picha ya paspoti, ya bima au ya chama cha msingi, Fundi Picha alimpiga ile aliyoijia, kisha akamwambia, "Tulia kidogo, guku, nirekebishe kamera." Hapakuwa na cha kurekebisha. Alisubiri mzee asahau kwamba anapigwa picha, macho yakae yanapokaa siku zote, kisha akabonyeza mara ya pili. Hiyo hakuitoza wala hakuisema. Negativu yake aliikata, akaifunga kwenye karatasi, akaandika jina, kijiji na mwezi, akaitia kwenye kopo la maziwa ya unga.

Na huyu ndiye mtu yuleyule aliyekuwa bahili wa filamu kupindukia! Bwana harusi akifumba macho, shauri yake, mbofyo mmoja umetoka. Alikuwa Mkatoliki wa benchi la tatu kila Jumapili, lakini alikataa kuwasha mwanga wa kamera kanisani hata paroko alipomwomba, akidai mwanga wa usoni humfanya mtu aonekane ameshikwa na polisi. Maofisa aliwajibu ovyo. Bibi wa kijijini akiingia, alisimama, akainamisha kichwa, akamwamkia, "Mwangaluka, mayu," akamfutia kiti kwa mkono wake. Aliweza kusubiri uso wa mgeni robo saa nzima. Lakini kwa mke wake hakuwa na subira hata ya kumwacha amalize sentensi.

Huyo mke alikuwa mwanamke mrefu wa Sola, mpole, mwenye kicheko cha puani. Yeye ndiye aliyeosha trei za dawa kwenye chumba cha giza. Jumapili moja mume akiwa misa ya pili, aliniita nipime pazia jeupe la nyuma ya kiti, lilikuwa limechanika. Nikiwa nimepiga magoti nikakutana na makopo, yamepangwa chini ya meza, mengi. Nikasoma karatasi moja, nikasoma ya pili. Ya tatu ilikuwa na jina la mama yangu mzazi.

"Jirani," mke akasema nyuma yangu, "hayo hujayaona. Yeye anaamini najua mimi peke yangu."

"Ya nini haya?"

"Ya siku ya msiba." Akanieleza. "Watu hawataelewa. Watasema anawasubiri wafe."

Nikamwapia. Wakati ule niliamini kabisa kwamba mimi ni mtu wa kutunza siri.

Familia iliyokuja kwa Fundi Picha ikilia haina picha, aliiambia, "Ngoja niangalie, huenda ilibaki kwenye filamu." Akaingia ndani, akatoka na uso. Watu walishukuru bahati, na yeye aliwaacha waishukuru. Iliendelea hivyo kwa miaka.

Kisha akaja kwangu mama mmoja kupima sare ya msiba. Alikuwa ametoka kwa Fundi Picha, na mkononi alikuwa na picha ya mama yake, imekuzwa, safi, macho yamelegea kidogo kama ya mtu anayesikiliza mvua. Alikuwa akilia na kucheka. "Angalia bahati yangu, dada! Eti ilibaki kwenye filamu!" Na mimi, futi ya kupimia ikiwa shingoni, nikaona uchungu sifa hii iende kwa bahati. Nikamwambia, "Si bahati, dada yangu. Yule mtu ana moyo. Anawapiga wazee wote kwa siri, anawatunza kwenye makopo kwa ajili ya siku kama hii." Nilisema kwa fahari, kama vile makopo yalikuwa yangu. Mama yule akaishika picha kifuani, akashukuru, "Wabeja, Mungu ambariki."

Nina hakika alikuwa na nia njema. Aliwasimulia nduguze kwa nia njema vilevile. Ila kaka yake mkubwa akauliza swali moja: alijuaje kama mama yetu atakufa?

Swali hilo lilizunguka siku nne. Nani mwingine alipigwa kwake na sasa hayupo? Wakahesabu. Kwa kuwa aliwapiga wazee, waliokufa hawakukosekana. Siku ya tano walikuja wanaume sita wakiwa na fimbo, mchana kweupe, wakasimama nje ya studio bila kusalimia. Kwetu mtu asiposalimia umeshajua. Mwenyekiti wa mtaa alikuja mbio, akaingia ndani na Fundi Picha, akamwambia maneno ambayo niliyasikia kupitia ukutani.

"Mzee wangu, mimi najua wewe si mchawi. Lakini hawa siwawezi. Choma mwenyewe, mbele yao, sasa hivi."

"Ni watu hao, mwenyekiti."

"Ni filamu. Choma."

Akayatoa makopo moja moja. Hakuna aliyemsaidia ila mke wake. Filamu haiwaki kama karatasi, inajikunja, inatoa moshi mweusi wenye harufu inayokaa kwenye koo. Nilisimama mlangoni kwangu. Mama yangu alikuwa mle, bado mzima wakati ule, akipalilia viazi Kasoli bila kujua kwamba anaungua. Wale wanaume walisubiri kopo la mwisho, wakaondoka, na mmoja wao akaniagiza nisisahau suruali yake Ijumaa.

Ndipo Fundi Picha alipomgeukia mke wake, pale pale penye majivu. "Nilikuambia wewe tu."

"Si mimi, baba."

"Nilikuambia wewe tu!"

"Naapa kwa baba yangu aliyelala Sola, si mimi."

Alipokuwa akiapa alinitazama. Hatukuwa mbali, labda hatua nane. Nilisubiri anitaje. Nilikuwa tayari kukana, hilo nalo niliseme. Lakini hakunitaja. Alitazama, akashusha macho, akaendelea kuapa, na mume akampa mgongo. Kesho yake asubuhi mke alikuja kuniaga, akapanda pikipiki na mfuko mmoja, akarudi kwao Sola. Mume hakutoka nje.

Baada ya hapo studio ilibaki ya vitambulisho vya wanafunzi. Wazee hawakuingia tena. Hata waliomheshimu walivuka barabara wakifika pale, na mimi niliyekuwa ukuta mmoja naye niliacha kuingia kwake, nikijidai nina kazi nyingi. Nilimsikia akikohoa. Nilimsikia akigonga vitu. Filamu zikaisha madukani, akanunua kamera ya kisasa, lakini picha zake zikaanza kuwa na kasoro ya ajabu. Katikati zilikuwa nzuri kama zamani, mwanga umekaa usoni sawasawa. Pembeni watu walikatwa. Harusi moja alimwacha nje baba wa bibi harusi, nusu bega tu likaonekana, na ugomvi ukawa mkubwa. Watu walisema anafanya makusudi, kwa kinyongo. Ukweli ni kwamba alikuwa haoni tena pembeni, dunia yake inajifunga taratibu kuelekea katikati, na yeye mwenyewe alibisha kwamba ana tatizo lolote. Mwisho binti yake alikuja kumchukua, akampeleka Mkula kwa mumewe. Chumba kile sasa ni cha kuchajia simu na kusajili laini.

Mama yangu alifariki mwaka jana. Tulimzika na picha ya kadi ya mpiga kura. Nilikaa siku zote za matanga nikitazama kile kivuli juu ya kabati, na nilipomaliza kuanua turubai niliamua kwenda Mkula. Nilijiambia naenda kumsalimia. Njia nzima kwenye gari la Lamadi nilipanga maneno, na pikipiki iliponishusha yote yalikuwa yamekwisha.

Alikuwa amekaa nje kwenye kiti cha plastiki, ameelekea mpunga, ng'ombe wawili wamefungwa karibu. Macho yalikuwa wazi na hayakutazama kitu. Nikamsalimia, mwadila. Akageuza sikio.

"Jirani," akasema, na uso wake ukachangamka kiasi cha kuniumiza. "Mwadila. Binti, leta kiti! Leo huondoki, utalala hapa hapa."

Binti yake akaniletea kiti na maji, akarudi kwenye beseni lake la nguo. Tulizungumza mvua, tukazungumza bei ya pamba. Alinipa pole ya mama. Kisha yeye mwenyewe akaanza, bila mimi kumuuliza, kunisimulia msiba wa mke wake. Sikuwa na habari kwamba amefariki. Alikufa Sola, mwaka wa pili sasa, hawajapatana. Yeye Fundi Picha alipelekwa mazikoni akiwa bado anaona kidogo katikati. Juu ya jeneza palikuwa na picha.

"Niliwauliza wapwa zake, uso unaonekana? Wakasema unaonekana, baba, vizuri kabisa. Wote kwa pamoja. Watu wakijibu haraka hivyo nawajua, nimewapiga picha maisha yangu yote. Picha yake mimi niliipiga jua la saa mbili, mlangoni, kwa tundu kubwa. Ilikuwa kwenye kopo la kwanza. Yeye ndiye alinipa kopo lile nilichome, sikusoma karatasi. Nilikuwa na hasira naye."

"Fundi," nikasema, "si yeye aliyesema. Ni mimi."

Akanigeuzia sikio.

"Niliyaona makopo wakati nashona pazia. Nilimwambia yule mama wa msiba. Nilikuwa nakusifu."

"Unanisifu."

"Ndiyo."

"Sema tena."

Nikasema tena. Midomo yake ilikuwa ikitembea pamoja na yangu, kama anayejifunza sala. Kisha akaita kwa sauti iliyowafanya ng'ombe wageuke, "Binti! Njoo hapa usikie. Mama yenu hakusema!"

Binti akaja na mikono yenye povu, akasimama kati yetu. Nikasema mara ya tatu, na hii nikaongeza lile nililokuwa nimeliacha, kwamba mama yake alijua ni mimi tangu siku ile, alinitazama, hakunitaja. Binti akaketi chini, juu ya udongo, akajifunika uso kwa khanga na mikono yake yenye maji.

"Asubuhi anaondoka alikuja kwako," Fundi Picha akasema. "Nilisikia sauti yake ukutani, maneno sikuyapata. Alisemaje?"

Ningeweza kudanganya. Nilishazoea.

"Alisema, 'Jirani, mwangalizie macho. Anajigonga kwenye milango, na mimi nikimtajia hospitali anafoka. Wewe atakusikia.'"

"Na wewe?"

"Nilikuwa na aibu ya kuingia kwako. Sikuja."

"Presha ya macho," binti akasema ndani ya khanga. "Daktari alisema tungewahi mwaka ule, wangeyaokoa."

"Nyamaza, mama," baba yake akamwambia, kwa upole.

Upepo ulitoka ziwani ukaulaza mpunga, ukauinua. Fundi Picha alipangusa magoti yake kwa viganja, mara mbili, tatu, kama anayefuta vumbi ambalo halipo. Kisha akaniuliza kama nimeshaulizia gari la mwisho la kurudi Bariadi. Nikasema bado.

"Basi wahi kuliulizia," akasema. "Hapa hutalala."